Miaka 16 ya kungoja si kipimo cha albamu ya Wildflower

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala ya safu ya burudani ya Jumapili iliyopita, iliyohusu albamu za kurejea za makundi ya muziki wa dansi wa kielektroniki. Mwandishi wa makala hiyo alitaja makundi kadhaa yaliyokaa kimya muda mrefu kabla ya kutoa kazi mpya, akaiweka Wildflower, albamu ya pili ya kundi la The Avalanches la Melbourne, Australia, mkiani mwa orodha yake, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kazi iliyongojwa kwa miaka 16 ilipaswa kulipa miaka yote hiyo, nayo haikulipa. Akafunga mjadala kwa methali ya ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sina ugomvi na mtu asiyeipenda albamu hiyo, kwa sababu masikio ya watu hayalazimishwi. Ninachopinga ni kipimo chenyewe. Mwandishi alihesabu miaka, akaigawanya kwa furaha aliyoipata, akaona hesabu haikutoka sawa. Lakini hakumweleza msomaji hata mara moja kwamba miaka ile, kwa sehemu kubwa, ilikuwa gharama ya namna The Avalanches wanavyotengeneza muziki wao. Asiyeijua namna hiyo hawezi kuielewa albamu, na wala hawezi kujua kama ameipenda au ameichukia kwa haki.

Albamu yao ya kwanza, Since I Left You, ilitoka Australia mwezi Novemba mwaka 2000 na kuzifikia nchi nyingine mwaka uliofuata. Karibu kila sauti iliyomo ilichukuliwa kutoka katika santuri za watu wengine, na hasa santuri kuukuu zinazouzwa kwa bei ya kutupa, nyingi zikiwa za waimbaji na bendi ambazo hata wapenzi wa muziki wa zama zao walikwisha kuzisahau. Wanakundi Robbie Chater na Darren Seltmann walikaa wakizisikiliza moja baada ya nyingine, wakadondoa sekunde mbili za filimbi hapa, pumzi ya mwimbaji pale, mpigo mmoja wa ngoma kwingineko, wakaviingiza vipande hivyo katika mashine za sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyodondolewa katika rekodi, wakavipandisha au kuvishusha mpaka vikaafikiana ufunguo wa sauti, wakavibana au kuvinyoosha mpaka vikatembea kwa kasi moja. Idadi ya vipande inayotajwa sana, ambayo ni ya makadirio, ni zaidi ya 3,500. Nyimbo 18 zinafuatana kwa takriban saa nzima bila kituo kinachosikika, wimbo mmoja ukianza kuchomoza kabla mwenzake haujaisha, na mtu aliyeuwasha muziki huo kwenye sherehe hana haja ya kuugusa tena. Haishangazi kwamba tuzo za ARIA, yaani tuzo za muziki za Australia, za mwaka 2001 ziliitambua kuwa kazi bora ya muziki wa dansi nchini mwao.

Kwa msikilizaji wa harakaharaka, kazi ya aina hii huonekana nyepesi kuliko kupiga gitaa au kinanda, kwa kuwa sauti zimekwisha kupigwa na wengine. Ukweli ni kinyume. Mpiga kinanda akitaka noti fulani huibonyeza. Mwenye kutunga kwa sampuli akitaka noti hiyo, yenye rangi hiyo na huzuni hiyo, hana budi aitafute katika mamia ya santuri ambazo mwisho wake hazimpi chochote, na akishaipata hugundua kwamba nyuma yake kuna violini ambayo hawezi kuitenganisha nayo, kwa hiyo wimbo wote hauna budi kupinda ili kuipisha violini hiyo. Hata kama kusingekuwa na sheria wala mahakama duniani, albamu ya pili iliyotungwa hivyo isingekuja kwa haraka.

Lakini sheria ipo, na hapa ndipo makala ya Jumapili iliponyamaza kabisa. Vijana wale walipokuwa wakitengeneza albamu ya kwanza hawakutarajia kwamba ingesikika mbali na kwao, hivyo walidondoa bila kuweka kumbukumbu nzuri ya walichokidondoa, na kazi ya kuomba vibali ikawaangukia baadaye. Baadhi ya milango ilifunguka kwa namna ambayo wengi hawakuitegemea. Madonna, kwa mfano, aliwaruhusu kutumia mpigo wa besi wa wimbo wake Holiday. Walipoanza kuitengeneza albamu ya pili walikuwa wanajulikana dunia nzima, na kundi linalojulikana haliwezi tena kudondoa kimyakimya.

Kanuni inayotawala jambo hili ilipata ukali wake mwezi Desemba mwaka 1991, wakati mahakama ya shirikisho ya New York ilipoamua kesi iliyomhusu mfokaji, yaani mwimbaji wa rap, Biz Markie, aliyekuwa ametumia sehemu ya wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila kibali. Jaji Kevin Thomas Duffy aliufungua uamuzi wake kwa amri ya Biblia, Usiibe, akazuia albamu husika isiendelee kuuzwa, na akapendekeza hata waendesha mashtaka ya jinai walitazame suala hilo. Tangu siku hiyo kampuni nyingi za santuri ziliogopa kutoa kazi ambayo sampuli zake hazijaombewa ruhusa. Mwaka 2005 mahakama ya rufani ya Marekani, katika shauri lililohusu kipande cha gitaa cha sekunde mbili, ilikwenda mbali zaidi na kusema kwamba anayetaka kudondoa rekodi ya mtu apate leseni au aache, hata kipande kiwe kifupi namna gani.

Msomaji wako anastahili kuelezwa maana ya jambo hili kwa mtunzi. Kila kipande kina wenye nacho wawili kwa uchache: yule anayemiliki utunzi, yaani maneno na mahadhi, na yule anayemiliki rekodi, ambaye mara nyingi ni kampuni. Wimbo wenye vipande kumi una milango 20 ya kubisha. Nyuma ya baadhi ya milango hiyo hakuna mtu, kwa sababu kampuni ilikufa na mali yake ikauzwa mara tatu. Nyuma ya mingine kuna warithi ambao hawaelewani. Kila mmoja ana haki ya kutaja bei yake, na wengi hawadai fedha za mkupuo tu bali sehemu ya utunzi mpya. Mmoja akidai nusu, wa pili akidai nusu, wimbo umekwisha kugawanywa kabla wa tatu hajajibu barua. Ni kama kujenga nyumba kwa matofali ambayo kila moja lina mwenyewe, na yeyote kati yao anaweza kuja kuchukua tofali lake siku ya kuezeka. Akikataa mmoja, kinachoharibika hakiishii kwenye kipande chake, kwa maana vipande vingine vyote vilikuwa vimepandishwa na kushushwa ili kukifuata hicho.

Sasa tuisikilize Wildflower yenyewe, iliyotoka tarehe 8 Julai 2016, tukiwa na habari hizi mkononi. Wimbo wa pili, Because I'm Me, unaanza kwa sauti ya mvulana anayeimba kwa nguvu zake zote, bila ala ya maana nyuma yake, na mikwaruzo ya rekodi ya zamani ikisikika wazi. Sauti hiyo inatoka katika santuri ya kampuni ya Folkways ya mwaka 1959 iliyorekodi vijana wadogo wa New York wakiimba na kupiga midundo yao wenyewe. Kisha, ghafla, ngoma na tarumbeta za kundi la Honey Cone za mwaka 1971 zinamwagika juu yake. Mvulana yule, ambaye mwaka 1959 hakuwa na bendi, anapata bendi kubwa ya kumsindikiza, na wafokaji wa Camp Lo wanaingia baadaye kama wageni waliokuta shughuli imekwisha kupamba moto. Mtu anayetaka kujua kundi hilo lilikuwa likifanya nini miaka yote ile na asikilize mahali ambapo sauti ya mtoto inakutana na tarumbeta. Zipo rekodi mbili zilizopishana miaka 12, zilizofanywa na watu wasiojuana, zenye kasi tofauti na hewa tofauti ya chumba, na sikio haliupati mshono.

Nyimbo mbili mbele yake unakuja Subways. Anayeimba ni Chandra Oppenheim, ambaye alirekodi wimbo wake huko New York mwaka 1980 akiwa bado mtoto, na sauti yake ina ule ukavu wa mtoto anayesema jambo asilolionea aibu. Chini yake unapita mdundo wa disko uliochukuliwa katika rekodi ya Graham Bonnet, ambayo utunzi wake ni wa ndugu Gibb wa Bee Gees. Hebu tuhesabu wenye haki katika wimbo huo mmoja unaoisha kabla maji hayajachemka: mwimbaji wa New York na wanaomiliki rekodi yake, mwimbaji wa Uingereza na kampuni yake, watunzi wenye jina kubwa duniani na wachapishaji wao. Wote walipaswa kukubali ili mtu aweze kucheza.

Lakini wimbo unaonigusa kuliko yote katika suala hili ni The Noisy Eater, kwa sababu anayefoka humo, akisimulia hamu yake ya kula kwa furaha ya mtoto, ni Biz Markie mwenyewe, mtu yule yule ambaye kesi yake ya mwaka 1991 ndiyo iliyoifanya albamu kama hii iwe ngumu kiasi hiki kutengenezwa. Nyuma yake kwaya ya watoto wa shule inaimba kiitikio cha wimbo wa The Beatles, na ruhusa ya kukitumia ilibidi itafutwe kwa Paul McCartney na Yoko Ono, nayo ikapatikana. Mwandishi wa safu aliutaja wimbo huo kuwa mchezo wa kitoto uliojaza nafasi. Mimi nausikia kuwa mahali ambapo historia nzima ya muziki wa sampuli imekaa katika dakika chache: aliyeshtakiwa amealikwa, na wenye mali wamebishiwa hodi na wamefungua.

Ni jambo la kusikitisha, nami nalisema kwa uchungu, kwamba sheria ilianza kulegea wakati ambapo haikuweza tena kuwasaidia. Tarehe 31 Mei 2016 mahakama ya katiba ya Ujerumani ilitoa uamuzi uliowapa nguvu watunzi wanaodondoa sampuli katika kesi ya miaka mingi ya kundi la Kraftwerk dhidi ya mtayarishaji Moses Pelham, kuhusu sekunde mbili za rekodi ya mwaka 1977. Siku mbili baadaye mahakama nyingine ya rufani ya Marekani ilisema kwamba kipande cha tarumbeta cha robo sekunde kilichotumiwa katika wimbo wa Madonna kilikuwa kidogo mno kuhesabiwa kuwa kosa. Wildflower ilikuwa imekwisha kukamilika, ikisubiri wiki chache tu itoke. Na mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilirudisha ukali kwa kuamua kwamba hata kipande kifupi sana kinahitaji ridhaa, isipokuwa kimegeuzwa kiasi cha kutotambulika masikioni. Vijana wanaoanza kazi hii leo bado hawajui wamesimama wapi.

Zipo sababu nyingine za ule ukimya, ambazo nazipitia kwa ufupi kwa kuwa kila kundi huwa nazo. Chater alieleza hadharani kwamba maradhi ya kinga ya mwili yalimweka nje ya kazi kwa takriban miaka mitatu. Seltmann aliondoka, na mzigo ukabaki hasa kwa Chater na mwanakundi mwenzake Tony Di Blasi. Kundi hilo lilichangia pia muziki wa tamthilia kubwa ya King Kong iliyooneshwa Melbourne mwaka 2013. Kusema, kama ilivyosema makala, kwamba walikuwa wamelala ni kutowatendea haki.

Nisieleweke kwamba naitetea kila dakika ya albamu hiyo. Naona walikosea kuitanguliza Frankie Sinatra kuwa wimbo wa kwanza kusikika mwezi Juni 2016. Kalipso ya Wilmoth Houdini wa Trinidad iliyomo ndani yake ni tamu, na sauti ya mfokaji MF DOOM ni ya thamani popote inapotokea, lakini wimbo unazunguka pale pale kama gwaride lisilo na mahali pa kufika, na watu waliokuwa wamengoja tangu mwaka 2000 walidhani albamu nzima ingekuwa hivyo. Naona pia kwamba waalikwa ni wengi. Albamu ya kwanza ilikuwa na uhuru wa pekee kwa sababu hakuna aliyeongoza. Kila sauti ilikuwa mgeni, kwa hiyo hakukuwa na mwenyeji. Mfokaji mashuhuri anapoingia, sikio humgeukia yeye na kuviacha vipande vikawa pambo la nyuma. Hizi ni lawama zinazotokana na kinachosikika, na mwandishi wako angeziandika ningemsoma kwa heshima hata kama tungetofautiana.

Ila mtu akiisikiliza sehemu ya mwisho, kuanzia Sunshine hadi Saturday Night Inside Out, ambamo mshairi na mwanamuziki David Berman anazungumza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake, sidhani atasema kwamba watu hawa walipoteza muda. Mchanganyiko wa furaha na majonzi uliomo humo hauwezi kupigwa na bendi chumbani kwa siku moja, kwa sababu unatokana na umri wa sauti zenyewe. Berman alifariki dunia mwaka 2019, MF DOOM mwaka 2020, na Biz Markie mwaka 2021. Vipimo vya mwaka 2016, wakati watu wote walipokuwa wakihesabu miaka, vimepitwa na wakati, na albamu ingali inasikilizwa.

Kosa la pili la makala lilikuwa kuyapima makundi yote kwa rula moja. Kraftwerk walikaa tangu Electric Café ya mwaka 1986 mpaka Tour de France Soundtracks ya mwaka 2003 bila albamu yenye nyimbo mpya, na katikati walitoa The Mix ya mwaka 1991, iliyozitengeneza upya nyimbo zao za zamani. Wao walikuwa wanamiliki sauti zao wenyewe na studio yao wenyewe huko Düsseldorf, na hawakuwa wanangoja ruhusa ya mtu. Leftfield wa Uingereza walirudi mwaka 2015 na Alternative Light Source, miaka 16 baada ya Rhythm and Stealth, lakini aliyerudi alikuwa Neil Barnes bila mwenzake Paul Daley, na swali la kuuliza hapo ni nini kimebaki nusu ya kundi inapoondoka. Daft Punk wa Ufaransa, ambao albamu yao ya studio iliyotangulia ilitoka mwaka 2005, waliitoa Random Access Memories mwaka 2013 baada ya kuamua kuziacha sampuli kwa kiasi kikubwa na kuwaita wapigaji halisi studioni, wakiwemo Nile Rodgers kwenye gitaa, Nathan East kwenye besi na Omar Hakim kwenye ngoma. Uamuzi huo uliwagharimu fedha nyingi, lakini uliwaondolea kabisa tatizo lililowakwamisha The Avalanches, kwani mpiga gitaa aliye mbele yako unaweza kuelewana naye siku hiyo hiyo. Makundi manne, ukimya wa aina nne, na safu yako iliyaweka yote katika mizani ya kalenda.

The Avalanches wenyewe walionesha mwezi Desemba mwaka 2020 kwamba tatizo lao halikuwa uvivu, walipotoa albamu ya tatu, We Will Always Love You, baada ya miaka minne na miezi michache tu. Makala ya Jumapili haikuitaja. Kama ingetajwa, hoja ya kwamba kundi hilo linahitaji muongo na nusu kutoa kazi ingeanguka yenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, Ndugu Mhariri. La kwanza ni kwamba safu ya burudani irekebishe usemi wake kuhusu miaka kati ya 2000 na 2016, kwa kuwa wasomaji wengi, hasa vijana wanaotengeneza midundo kwa kompyuta zao, wanalitegemea gazeti lako kujua jinsi muziki wa sampuli unavyofanywa na hatari zake za kisheria. La pili ni kwamba mhakiki anapopewa albamu ya aina hiyo aandike, walau kwa aya moja, sauti zilizomo zimetoka kwa nani. Orodha ya wenye vipande huchapishwa pamoja na albamu, na ndani ya ile ya Wildflower mna majina ya waimbaji ambao hawakuwahi kuandikwa katika gazeti lolote tangu santuri zao zilipoacha kuuzwa.

Wako,
Msomaji wa safu ya burudani